Nani Anaiua Giaboksi ya Pili?

Giaboksi ya otomatiki ikifa mara ya kwanza kwenye gari la miaka 15, kila mtu huelewa. Chuma kimechoka, mipira imekauka, na hakuna anayejua oili yake ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Mwenye gari anachangachanga, anakwenda Ilala au Gerezani kama yuko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, ananunua giaboksi mtumba iliyoshuka na kontena la Japani au Sharjah, inafungwa, gari linatembea. Miezi michache baadaye mambo yanarudi yaleyale: gia ya pili inaingia kwa kishindo, rivasi inachelewa, injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo.

Hapo kila mtu ana jibu lake. Fundi anasema giaboksi iliyonunuliwa ilikuwa kimeo. Muuza spea anasema fundi hakujua kufunga. Jirani anasema X-Trail zote ndivyo zilivyo, au RAV4 Kilitime zina ugonjwa wa kuzaliwa. Kila mmoja anaweza kuwa na sehemu ya ukweli, lakini wote wanakiangalia kile chuma peke yake. Giaboksi haijitegemei. Gari ndilo linaloipa joto, oili, mzigo na amri za umeme, na gari hilohilo ndilo linalofungwa giaboksi nyingine bila lenyewe kuchunguzwa. Hoja ya makala haya ni kwamba vifo vya kujirudia vina sababu za kujirudia: aliyeiua giaboksi ya kwanza mara nyingi bado yumo garini, anaisubiri ya pili.

Oili yenye kazi nne

Kwenye otomatiki ya kawaida, ya gia nne, tano au sita, kati ya injini na gia kuna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini huizungusha oili, oili huzungusha gia. Wazo la kupitisha nguvu kwa njia hiyo lilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akishughulikia meli. General Motors ndiyo iliyofanikiwa kuuza otomatiki kwa wingi, ilipoitia Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940.

Baada ya konveta kuna seti za gia na vifurushi vya klachi, yaani sahani nyembamba za chuma zilizobandikwa utando mgumu unaofanana na karatasi. Chini yake kuna valvu bodi, kipande cha aluminiamu chenye vijia vyembamba vinavyoipeleka oili kwenye klachi hii au ile. Solenoidi hufungua na kufunga vijia hivyo kwa amri ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari.

Oili moja ndiyo inayoendesha yote hayo. Husukuma, hulainisha, hupoza, na huzipa klachi mshiko wa kiasi kinachotakiwa. Ikiharibika, hakuna kazi hata moja kati ya hizo nne inayobaki salama. Kwa kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Wataalamu wa vilainishi wana kanuni ya jumla kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa nusu hivi. Oili iliyopikwa huwa nyeusi, hunuka kuungua, huacha utando kwenye valvu, na mipira ya kuzuia mvujo hukakamaa. Klachi ambayo ingebanwa kwa nguvu sasa inabanwa nusunusu, inateleza, na kuteleza huko kunaleta joto jingine. Mzunguko huo ukianza, kinachobaki ni kuhesabu kilomita.

Magari makubwa huingia kwenye mzunguko huo mapema kuliko saluni. Prado ina tani mbili hivi kabla ya abiria na mizigo, na magurudumu manne yanayoendeshwa yanaongeza kazi. Lipitishe gari hilo kwenye foleni ya Kimara saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, au lipandishe mlima Kitonga likiwa limejaza, na konveta itafanya kazi kubwa ya kuikoroga oili huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Joto hilo halioneshwi na mshale wa dashibodi, kwa kuwa mshale huo hupima maji ya injini. Magari mengi ya umri huu hayana kipimo cha joto la giaboksi mbele ya dereva.

Mabishano ya oili ya maisha

Watengenezaji kadhaa waliuza magari yao wakidai kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari. BMW na Land Rover zilifanya hivyo kwa giaboksi za gia sita za ZF, kampuni ya Kijerumani, zilizomo kwenye X5, Range Rover Sport na Discovery 3. Kumbe ZF yenyewe, iliyoiunda giaboksi, inashauri oili ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au kila miaka minane, kutegemea gari linavyotumika. Tofauti hiyo inaeleweka ukijiuliza ni maisha ya nani yanayosemwa. Mnunuzi wa kwanza Ulaya au Japani anaweza kuliachia gari kabla ya hapo. Wa pili na wa tatu, walioko Mwanza au Kampala, ndio wanaoikuta oili ya miaka 14.

Gereji nako kuna imani yake. "Bosi, oili hiyo usiiguse. Ukiibadilisha tu, giaboksi inakufa." Imani hii ina asili. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha inaweza kuwa inashika kwa msaada wa unga wa klachi uliomo kwenye oili chafu, na ukiimwaga yote, mtelezo uliokuwa umefichika unajitokeza. Hata kuisukuma oili kwa mashine kwa presha kunaweza kuutikisa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Ila tazama hoja hiyo inakubali nini: giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha kabla ya oili kuguswa. Kwa gari ambalo bado linabadilisha gia vizuri, njia salama ni kumwaga kinachotoka kwenye sampo, kubadilisha chujio, kuongeza kiasi kilekile, na kurudia baada ya kilomita kadhaa hadi oili isafike. Kwa lile linaloteleza, oili mpya haiwezi kurudisha utando wa klachi uliolika.

Kosa kubwa zaidi ni aina ya oili. Mitaani kila oili nyekundu huitwa haidroliki, na hudhaniwa ni moja. Toyota za zamani zilitumia Dexron, zikafuata za T-IV, kisha za WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Nissan ina Matic-D, Matic-J na Matic-S, na CVT zake, yaani otomatiki za mkanda wa chuma, zinataka NS-2 au NS-3. Rangi haisemi chochote kuhusu mshiko. CVT iliyojazwa haidroliki ya kawaida inaweza kuharibika hata kama ilifungwa ikiwa nzima kabisa.

Waliobaki garini

Sasa tuwatafute wanaoiua giaboksi ya pili. Wa kwanza ni uchafu wa marehemu. Klachi zinaposagika, unga na vipande vya chuma huondoka na oili hadi kwenye konveta, kwenye mabomba, na kwenye kipozaji, ambacho kwa magari mengi kimo ndani ya tangi la chini au la pembeni la rejeta. Fundi anashusha giaboksi, anapandisha nyingine, anaunganisha mabomba yaleyale. Injini ikiwashwa tu, oili safi inapita kwenye kipozaji na kurudi ndani ikiwa imebeba uchafu wa ile iliyokufa. Kufunga giaboksi nyingine kwenye kipozaji kichafu ni kumwosha mtoto kisha kumvika nepi ileile. Kipozaji hupulizwa na kuoshwa pande zote mbili hadi oili irudi kwa mkondo usiokatika. Cha vijia vyembamba sana ni heri kibadilishwe, kwa sababu hakisafishiki kikaisha.

Wa pili ni rejeta yenyewe. Ukuta mwembamba tu ndio unaotenganisha maji ya injini na oili ya giaboksi. Marekani, wenye Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za mwaka 2005 hadi 2010 waliujua ukuta huo kwa gharama kubwa: ulipasuka, maji yakaingia kwenye oili, oili ikageuka kuwa kama maziwa ya waridi, na giaboksi zikafa. Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya rejeta hizo. Kwetu kuna njia nyingine ya kufika palepale. Magari mengi hujazwa maji ya bomba badala ya kipozeo maalumu, na miaka ya maji ya chumvichumvi hula chuma. Maji yakiingia kwenye giaboksi hulegeza gundi inayoshikilia utando wa klachi. Hata kama gari litaendelea kutembea wiki mbili, utando umeshaanza kubanduka.

Maji yana mlango mwingine. Giaboksi ina pumulio, kijitundu cha kutolea hewa inapopata joto. Gari lililovuka mafuriko ya Jangwani giaboksi ikiwa moto hupozwa ghafla, hewa ndani husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia pumulio hilo. Mwenye gari anakumbuka kukausha mazulia. Giaboksi hakuna aliyeifungua kuitazama.

Wa tatu ni umeme, naye ndiye mgumu kukamatwa. RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani zilikuwa na hitilafu kwenye kontroli boksi: viungo vya risasi ndani yake vilipasuka, amri za kubadilisha gia zikaharibika, gia zikawa zinaingia kwa vishindo, na giaboksi zikaumia. Waliobadilisha giaboksi peke yake waliiweka ya pili chini ya amri zilezile mbovu. Toyota ikarefusha dhamana ya kontroli boksi hizo hadi miaka 10. Kizazi hicho cha RAV4 ndicho Dar es Salaam inachokiita Kilitime, ingawa nyingi zilizopo hapa zilitengenezwa kwa soko la Japani na injini zake si lazima ziwe sawa na zile. Kwa hiyo haifai kuihukumu kila Kilitime kwa kesi ya Marekani. Funzo lake linafaa kila gari: kishindo cha gia kinaweza kuwa kilio cha kompyuta.

Si kompyuta tu. Sensa ya hewa iliyochafuka huidanganya kontroli boksi kuhusu mzigo wa injini, nayo hupanga presha ya oili kwa taarifa hiyo ya uongo. Waya wa sensa ya gurudumu uliokatika, plagi ya giaboksi iliyoingia oili, betri dhaifu, na nyaya zilizoungwaungwa kwa ajili ya redio au king'ora, vyote vina uwezo wa kuvuruga ubadilishaji wa gia.

Wa nne ni mkono wa fundi. Konveta huingia kwenye giaboksi kwa hatua tatu: hushika shafti, halafu kishikizo cha ndani, halafu pampu. Kwa kila hatua utaisikia ikidondoka kidogo unapoizungusha kwa mkono. Asiyeijua hatua ya tatu huikaza giaboksi kwenye injini kwa bolti hadi zikutane, na meno ya pampu yanavunjika kabla gari halijawashwa. Baada ya kuwashwa inadumu dakika kadhaa, halafu lawama zinarudi Ilala kwa muuza spea. Fundi makini hupima kina cha konveta kabla ya kuinua giaboksi, na injini na giaboksi zikikaribiana huhakikisha zinakutana kwa mkono, bila kuvutwa na bolti.

Wa tano ni umri wa giaboksi iliyonunuliwa. Ile iliyotoka kwenye gari la Japani lililokatwa nusu inaweza kuwa na miaka 15 kama ya kwako. Gari lake lilikatwa kwa sababu fulani. Kama ni ajali, giaboksi inaweza kuwa nzima. Kama ni ubovu, unanunua ugonjwa uliofungashwa upya. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, na ndiyo maana sampo ya giaboksi mtumba inapaswa kufunguliwa mbele ya mnunuzi kabla ya fedha kutolewa.

Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu manne muda wote yana adui mmoja zaidi. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma hazizunguki sawa. Tofauti hiyo humezwa na klachi ya kugawa nguvu, ambayo kwa Subaru nyingi iko ndani ya giaboksi yenyewe. Ikipata joto kila siku, oili inayoungua ni ileile inayotumiwa na giaboksi nzima.

X-Trail na mkanda wa chuma

CVT inastahili mjadala wake, kwa sababu ndani yake hakuna gia za kubadilishwa. Kuna puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na katikati mkanda wa mamia ya vipande vya chuma. Mizizi yake ni Uholanzi, kwa Hub van Doorne, ambaye kampuni yake ya DAF ilitoa gari la mkanda wa mpira mwaka 1958. Mkanda wa chuma ulikuja baadaye. Nissan X-Trail ya T31, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007, ilifungwa CVT ya Jatco ijulikanayo kama JF011E, ambayo imo pia kwenye Mitsubishi Outlander na Renault Koleos.

Sifa mbaya ya CVT za Nissan haikuanzia kwetu. Mwaka 2009 kampuni yenyewe ilirefusha dhamana yake Marekani, kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, kutoka maili 60,000 hadi maili 120,000 au miaka 10. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu mtupu. Hata hivyo, ubovu wa CVT una tabia inayotofautiana na wa otomatiki ya kawaida. Mkanda hushikwa na puli kwa presha kubwa ya oili. Presha ikipungua kwa valvu iliyolika au oili iliyopikwa, mkanda huteleza mara moja na kukwaruza puli. Baada ya hapo mlio husikika, unga wa chuma husambaa, na hakuna kurudi nyuma. CVT iliyopata joto sana hujilinda kwa kupunguza nguvu. Dereva anayepanda mlima anaona gari limekosa nguvu ghafla, anasimama, linapoa, linatembea tena, naye anasahau. Hilo lilikuwa onyo, na watu wengi hupewa onyo hilo zaidi ya mara moja kabla ya mkanda kuteleza.

CVT nyingi za Nissan zina jambo jingine: valvu bodi yake huja na kumbukumbu ya vipimo vyake, na kontroli boksi ya gari lazima ipewe vipimo hivyo kwa kompyuta. Giaboksi ikibadilishwa bila kuhamisha taarifa hizo, gari linaiendesha ya pili kwa vipimo vya ile iliyokufa. Wapo mafundi wanaoikimbia CVT kabisa kwa kufunga giaboksi ya klachi. Inawezekana, lakini pedali, nyaya na kontroli boksi vinahitaji kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, na gari la namna hiyo huuzika kwa shida.

Uchunguzi kabla ya kushusha

Gharama ya kushusha giaboksi ni kubwa, na baada ya kuishusha ushahidi mwingi huwa umemwagika pamoja na oili. Kwa hiyo mpangilio wa uchunguzi una maana. Kwanza gari lipimwe kwa mashine. Namba P0700 inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, hivyo anayekuonyesha hiyo peke yake hajakuambia kitu. P0740 inahusu klachi ya ndani ya konveta. P0730 inasema uwiano wa gia haulingani na amri iliyotolewa. Namba hizo zisifutwe kabla ya kuandikwa.

Baada ya hapo zitazamwe maunti za injini. Maunti iliyokatika hutoa kishindo cha kutisha unapoweka D, na imewahi kuwafanya watu wabadilishe giaboksi nzima kwa ajili ya mpira mmoja. Fungua boneti, weka breki imara, mtu abadilishe kutoka D kwenda R, uone kama injini inaruka.

Kipimo kinachofuata hakihitaji mashine, ila saa. Injini ikiwa imepata moto, gari limesimama na breki ya mkono imevutwa, hamisha gia kutoka N kwenda D. Hesabu muda hadi usikie gari limeshika. Vitabu vya Toyota vinataka isizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isizidi sekunde 1.5. Kinachochelewa kwenye D peke yake kinaelekeza kwenye klachi ya mbele, na kwenye R peke yake kwenye ya rivasi. Vyote viwili vikichelewa, shaka ihamie kwenye oili, chujio au pampu, vitu vinavyohudumia pande zote. Dakika tano za kipimo hicho zinaweza kutofautisha kazi ya chujio na kazi ya giaboksi nzima.

Mwisho ni sampo. Ikishushwa, oili imwagwe kwenye beseni safi, na sumaku ndogo zilizomo chini zitazamwe kwa tochi. Matope laini ya kijivu, yanayopakazika kidoleni kama grisi, ni uchakavu wa kawaida wa gari kuukuu. Vipande vinavyochoma kidole, au vijiti vya chuma vinavyong'aa, vinatoka kwenye beringi au gia. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti ni aluminiamu au shaba, yaani mwili, bushi au pampu. Unga mweusi wa karatasi ni klachi. Oili yenye rangi ya maziwa ni maji. Piga picha kila kimoja. Hata ukiamua kununua giaboksi nyingine, picha hizo ndizo zinazokuambia nini kingine garini kinahitaji kurekebishwa.

Kipimo cha oili baada ya kujaza nacho si kazi ya kukisia. Giaboksi nyingi za kisasa hazina kijiti, hujazwa hadi oili ifurike kwenye tundu maalumu injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa. Kwa ZF za gia sita ni kati ya nyuzi 30 na 50. Ukiijaza oili ikiwa imechemka, ikipoa itapungua, na pampu itavuta hewa.

Hesabu ya mwenye gari

Uchunguzi ukishajibu swali la nani aliyeua, njia hubaki nne. Ya kwanza ni kurekebisha sehemu: solenoidi, valvu bodi, chujio, kipozaji. Ndiyo rahisi zaidi, na inafaa pale klachi zikiwa bado nzima. Ya pili ni giaboksi mtumba, inayofaa kama chanzo cha kifo kimeondolewa na namba ya giaboksi inalingana na iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Ya tatu ni ovaholi kamili, yenye klachi, mipira na konveta mpya au iliyotengenezwa upya. Ni ghali, lakini ndiyo pekee inayoondoa umri. Ya nne ni kuliuza.

Wengi hukosea kwa kuihesabia giaboksi fedha zilizokwisha kutumika. Anayesema "nimeshaweka milioni tatu, siwezi kuliacha" anaitetea fedha isiyorudi. Kinachohesabika ni kuanzia leo. Tuseme, kwa mfano, gari likiwa zima lina thamani ya milioni 14, na likiwa halitembei linachukuliwa kwa milioni 8. Matengenezo ya milioni 3 pamoja na kipozaji, oili sahihi na uchunguzi yanaacha faida, hata ukitaka kuliuza baadaye. Kama gari linauzika milioni 7 na linataka ovaholi ya milioni 4, huku injini nayo ikila oili na rejeta ikivuja, basi unalinunua upya gari ambalo hakuna anayelitaka kwa bei hiyo.

Pale unapoamua kununua, risiti iandike namba ya giaboksi, muda wa dhamana, na nani anayelipa gharama za kushusha na kupandisha iwapo itakufa ndani ya muda huo. Dhamana ya wiki mbili isiyotaja kazi ya fundi haikulindi na kitu, maana gharama kubwa iko hapo. Oili iliyotumika nayo iandikwe kwa jina na aina. Fundi na muuza spea wakikubaliana kwa maandishi kabla, hawatapata nafasi ya kurushiana mpira baadaye.

Suala hili lina upande wa sera pia. Japani hulazimisha ukaguzi wa gari linapotimiza miaka 3, halafu kila miaka 2, na gharama zake ni mojawapo ya sababu za magari kuuzwa nje. Kenya hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka 8 kuingia. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haizuii, bali hutoza zaidi magari yaliyovuka miaka 8, na zaidi tena yaliyovuka 10. Vikomo hivyo vinahusu umri wa gari zima. Giaboksi inayoshuka peke yake ndani ya kontena haina kadi ya kuonyesha mwaka wake, wala historia ya oili yake, na ndiyo inayofungwa kwenye gari la mtu. Vyuo vya ufundi kama VETA vinatoa mafundi wengi wa injini, lakini giaboksi za kisasa zinataka mtu anayeweza kusoma takwimu za kompyuta na mchoro wa njia za oili. Fundi wa namna hiyo bado ni adimu, na uadimu wake ndio unaolifanya soko la mtumba liwe jibu la kila tatizo.

Mnunuzi mmoja hawezi kuubadilisha mfumo huo, ila anaweza kubadilisha swali la kwanza analouliza gereji. Badala ya kuanza na bei ya giaboksi, aulize nini kimeiua iliyopo, na aonyeshwe ushahidi: namba za kompyuta, sampo, sumaku, oili, kipozaji. Uchunguzi huo ulipiwe kama kazi kamili, kwa sababu ni kazi. Fundi anayejibu kwa kuonyesha ndiye apewe kufunga nyingine. Asiyekuwa na jibu, bei yake iwe nafuu kiasi gani, gari litolewe kwake likiwa limepakiwa juu ya gari la kubebea. Kuburutwa magurudumu ya kuendesha yakiwa chini na injini imezimwa kunaiacha giaboksi ikizunguka bila pampu kuipelekea oili, na huenda hata sehemu iliyokuwa inarekebishika ikaharibikia njiani.